Suti ya Shemeji Vitani Haro

Mimi mtoto wa Dodoma, zabibu nimezijua kabla sijaiona bahari. Kwa hiyo mwenzangu wa chuo aliponiambia twende "batalla del vino" mjini Haro, Hispania, tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Petro, sikuuliza maswali. Kihispania changu kilikuwa bado cha kuombea maji. "Batalla" nikaielewa mashindano. Ya kuonja, bila shaka. "Vaa nyeupe," akaongeza.

Nguo nyeupe pekee nyumbani ilikuwa suti ya shemeji, aliyomuolea dada. Akanikabidhi na henga yake. "Shemeji, irudi kama ilivyo."

Kwenye treni kutoka Bilbao jamaa akanipa historia: filoksera, mdudu wa mizizi, alipoangamiza mizabibu ya Ufaransa karne ya 19, wafanyabiashara wa kule waliufuata mvinyo Haro, na viwanda vikajipanga kando ya stesheni, mapipa yapakiwe bila kuhangaika. Mwaka 1890 mji ukawa na taa za umeme mitaani. Nikanyoosha tai. Nakwenda kwa wastaarabu.

Alfajiri tukapanda majabali ya Bilibio, nje ya mji. Rafiki yangu alinitazama akacheka, nikajua nimependeza. Wengine walivaa fulana zilizochakaa, miwani ya kuogelea, na mgongoni bomba la kupulizia dawa, lile lile la baba shambani. Nikawasifu kimoyomoyo: hata sikukuu hawasahau ubwiri unga, ukungu wa mizabibu!

Misa ya Mtakatifu Felices ikaisha. Nikaanza kutafuta meza yenye glasi. Bibi mmoja, rika la nyanya yangu, akaikagua suti kwa huruma, akasema "ay, hijo", ole mwanangu, akanimiminia ndoo nzima ya mvinyo kichwani.

Nikanyoosha mikono juu kusalimu amri. Kumbe kwapa nalo ni shabaha. Mabomba yakanigeukia, na kama mtaalamu kutoka Dodoma naweza kutoa taarifa: wa puani ni mkali, wa masikioni ni baridi, na ule unaoshuka uti wa mgongo hauna haraka. Baadaye wakanilisha konokono. Nikala. Heshima ya kulinda ilikuwa imeshakwisha.

Jioni shemeji alifungua mlango, akatazama suti, sasa zambarau hadi bitana. Hakufoka. Akainama, akanusa kola.

"Wa mwaka gani huu?"

"2014, shemeji," nikajibu. "Mwaka wa harusi yenu."

Dada ndiye aliyefuata mwiko jikoni.