Kila Fundi na Serikali Yake

Asikwambie mtu kwamba anayelipa ndiye bosi. Mimi ninajenga Goba. Saruji nanunua mimi, nondo mimi, maji ya boza mimi, chai ya saa nne mimi, na katika saiti nzima mtu pekee anayepaswa kuomba ruhusa kabla ya kusogeza toroli ni mimi.

Mkandarasi sikuweka, mfuko haukuruhusu. Nikasema nitasimamia mwenyewe: mwashi, fundi umeme, fundi bomba na mzee wa kenchi, yaani mbao za paa. Kila mmoja nimeletewa na mtu ninayemwamini, kila mmoja bingwa. Na hapo ndipo shughuli ilipo. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, unaweza kumfokea. Bingwa utamfokea vipi? Bingwa anakusikiliza mpaka mwisho, anafuta mikono kwenye suruali, anasema, "Nimekupata bosi," halafu anafanya lile alilopanga tangu anatoka kwake.

Mwashi nilimkabidhi ramani ya kompyuta, ina vipimo mpaka vya kizingiti. Akaigeuza, akaiangalia, akaiwekea tofali juu isipeperuke. Hapo ndipo ilipokaa mpaka masika ikaja ikaisoma yenyewe. Siku moja nafika, nakuta dirisha la chumba chetu limehamia ukuta mwingine.

"Bosi, kule ungeungua. Desemba mpaka Machi, wakati wa joto, upepo hapa ni kaskazi, unaingia kwa upande huu. Kule ulikotaka wewe ungengoja kusi, na kusi inakuja wakati ushatafuta shuka zito."

Dar nimekulia, lakini upepo unatoka wapi sikuwahi kujiuliza, mimi najua feni. Na kilichonichoma ni kwamba alikuwa sahihi! Mtu akikukaidi akakosea, unampa zake, roho inatulia. Akikukaidi akapatia, unabaki umeshika kiuno unatazama dirisha, unasema, "Eeh, haya."

Zege, hapo sasa sikubali. Kila aliyewahi kujenga anajua: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji kwa kiasi, maana zege likizidiwa maji likikauka linakuwa dhaifu. Bwana huyu hapimi. Anapima kwa jicho. Saidia fundi wake, kijana aliyeshika chepe juzi tu, naye ana jicho lake, na jicho lake linapenda maji sana kwa sababu zege la uji halichoshi kukoroga. Nikawaambia lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, imwagiliwe angalau siku 7, tena hesabu ya nguvu ya zege ni siku 28. Wakaniangalia kwa huruma, kama mgonjwa. "Bosi usijali, mvua itamwagilia." Mvua gani, mwezi wa saba?

Lakini vita kuu ilikuwa ya ripu. Utaratibu haujifichi: njia za nyaya na mabomba ya maji vinaingia ukutani kwanza, ripu inafuata. Nikampigia fundi umeme. "Nipo hapa Makongo bosi, naingia sasa hivi." Makongo hiyohiyo akakaa wiki nzima. Mwashi ana kazi Bunju inamsubiri, hawezi kumngoja mtu wa Makongo, akapiga ripu nyumba yote. Na alipiga, jamani! Unaweka pima maji popote, kitone kinalala katikati. Nikapiga picha nikamtumia mama watoto.

Keshokutwa fundi umeme akatokea na nyundo na tindo. Kabla hajachimba akapapasa ukuta, akatikisa kichwa, akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Bosi, hii kazi ulimpa nani?" Wote wanalo swali hili, nadhani wanafundishwa siku ya kwanza. Akachimba mifereji kila chumba. Akaja fundi bomba, naye akauliza ulimpa nani, akachimba ya kwake, akakutana na bomba la nyaya, akalisogeza. Eti lilikuwa limemkalia njiani. Mzee wa kenchi huko juu haongei na mtu. Alibadilisha mpangilio wa mbao, nilipouliza akajibu bila kushuka kwamba kwenye paa lake hapangiwi.

Paa lake! Mwashi naye aliporudi: "Nani kauchimba ukuta wangu?" Fundi umeme: "Nani kagusa laini yangu?" Fundi bomba ana njia yake. Kitu kimoja tu pale kimeandikwa jina langu. "Bosi," mwashi aliniita siku ile, "shimo lako la choo limeanza kubomoka."

Nikafungua kundi la WhatsApp wapangiane zamu. Mwashi anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, saa sita za usiku, nusu yake ni jenereta la jirani. Fundi umeme anatuma picha za nyufa. Fundi bomba anatuma mkeka wa kubeti mechi za Jumamosi. Mzee wa kenchi anajibu "Amina" kwa kila kitu, ikiwemo bei ya misumari. Mimi nikiuliza nani anaingia kesho, wanasoma, wananyamaza. Siku mama watoto alipoingizwa akauliza tu karo la jiko litakaa wapi, majibu manne kwa mpigo: "Sawa mama."

Nikaona hapana. Nikaitisha kikao palepale saiti, Jumapili jioni, wote wanne. Nilikuwa nimejipanga: nani anamfuata nani, hakuna kuchimba bila kuulizana, anayeharibu anaziba kwa gharama yake. Nikaongea vizuri mno, hata saidia fundi alitikisa kichwa kukubali. Nilipomaliza wakaomba faragha, wakasogea kwenye lundo la kokoto. Watu ambao mwezi mzima hawasalimiani! Wakanong'ona, wakacheka, mwashi akampiga fundi umeme begani. Nikajisemea, umoja umeshuka.

Wakarudi, msemaji fundi umeme. "Bosi, tumekaa, tumezungumza kwa kirefu, na kuna jambo tumekubaliana wote kwa pamoja. Wewe ukija saiti, kazi inachelewa. Tunaomba uwe unapiga simu."

Mzee wa kenchi akasema, "Amina."

Kabla sijapata la kujibu, fundi bomba akanyoosha mkono kwa adabu zote, kuuliza kama posho ya kikao inatoka sasa hivi au mpaka Jumatatu.