Wewe ni wa nani?

Kila Jumatano saa tisa na robo alasiri, shule za msingi za hapa Leeds zinapofunga, mimi huwa nimeshawasha taa za chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa na kumwaga vifuniko vya chupa mezani. Watoto kumi na wawili, kwa muda wa saa moja na nusu. Tunatunga hadithi, tunaitengenezea vikaragosi vya soksi kuukuu, kisha wenyewe wanaiigiza. Silipwi. Usiku huohuo naingia zamu kwenye nyumba ya wazee, na Wakenya wenzangu wananicheka: badala ya kulala, unaenda kucheza na soksi za watu.

Wanachosahau kunicheka nacho ni muda niliosubiri. Niliomba kujitolea mwezi wa pili. Soksi ya kwanza niliishika mwezi wa tano. Katikati hapo kulikuwa na fomu, wadhamini wawili, mahojiano, jioni mbili za mafunzo, na ukaguzi wa rekodi za uhalifu unaofanywa na idara iitwayo DBS, iliyoundwa 2012. Kwa anayejitolea ni bure, lakini hauna haraka. Na kwa kuwa sikuwa nimemaliza hata miaka miwili Uingereza, wakataka na cheti cha polisi cha kwetu. Bahati nzuri nilikuwa nacho. Ni kilekile cha tabia njema nilichokilipia shilingi 1,050, nikapanga foleni Huduma Centre ya GPO, kituo cha huduma za serikali jijini Nairobi, na kupakwa wino vidole vyote kumi, kwa sababu watu wa viza nao walikitaka.

Nilikasirika, nisidanganye. Mimi niliyelea wadogo zangu wanne Jericho, mtaa wa Eastlands, Nairobi, mama akiwa kazini, leo niulizwe kama ni mhalifu? Hata kwenye mafunzo nilikaa nimenuna. Usikae na mtoto mahali msipoonekana. Usimwahidi kumtunzia siri, maana siri yenyewe huenda ndiyo inayomuumiza. Usimpige mtoto picha kama mzazi wake hajakubali. Mtoto haondoki ila na mtu aliyeandikwa kwenye orodha.

Hilo la orodha ndilo lililonifungua macho. Siku moja babu wa mvulana mmoja alikuja kumchukua, mzee wa mkongojo ambaye mtaa mzima unamjua. Jina lake halikuwemo. Mama wa mtoto alipigiwa simu, hakupokea, akapigiwa tena. Nusu saa nzima yule mzee amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani, huku mjukuu wake akimwonyesha kikaragosi. Nilikuwa naona aibu kwa niaba ya wote. Mama alipopatikana, mzee akainuka, akatushukuru. Akasema yeye angekuwa na wasiwasi zaidi kama tungempa mtoto bila kuuliza.

Sisemi huku ni peponi. Tangu 2010 mabaraza mengi ya miji ya Uingereza yamepunguza bajeti za vijana na kufunga vituo vyao. Chumba chetu chenyewe ni cha kuazima. Halafu kanuni zikizidi zinakuingia mwilini. Juzi msichana alianguka akachubuka goti, nami nikasimama mikono hewani kama anayesubiri kibali, mpaka mwenzangu Mwingereza alipochutama akampa pole. Hakuna kanuni iliyonikataza. Woga nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe.

Sasa twende nyumbani.

Mwezi wa sita nilikuwa Nairobi wiki tatu, muhula wa pili ukiwa katikati, na nikataka nifanye Eastlands kile ninachofanya Leeds. Rafiki ya dada yangu akanipa namba ya ukumbi mmoja ambako watoto hukusanyika wakitoka shule. Simu haikufika dakika mbili. Karibu sana, dada yetu! Swali lilikuwa moja tu: "Utakuja na mtu wa picha?"

Nilikuta watoto arobaini na kitu, meza moja, na sufuria ya chai ya rangi. Wote wakanisimamia: "Good afternoon, ticha!" Leeds wananiita kwa jina langu la kwanza, na mpaka leo linanikwaruza kidogo. Nikawagawia karatasi, nikasema choreni chochote. Kimya. Kisha zikaja nyumba arobaini na kitu, kila moja ina madirisha mawili, jua pembeni na bendera juu ya paa. Msichana mmoja akaniuliza, "Ticha, utasahihisha?"

Sikuwalaumu. Mimi ni zao la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu Kenya, na namkumbuka mwalimu wetu wa sanaa alivyogeuzwa mwalimu wa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo lilipoondolewa kwenye mtihani. Mtaala mpya wa CBC umerudisha ubunifu kwenye ratiba, ndiyo, ila waulize akina mama wanaotafuta karatasi za manila saa tatu usiku ni nani hasa anayebuni.

Kilichotuokoa ni pakiti ya maziwa. Mvulana mmoja aliikata madirisha, akabandika vifuniko vinne vya soda, akaandika 58 mbele na BURU ubavuni, kama matatu za Buruburu. Basi, kumbe inaruhusiwa! Ndani ya nusu saa ukumbi ulikuwa steji. Viti vikapangwa kuwa matatu, msichana wa miaka tisa hivi akawa konda, ananing'inia kwenye mlango ambao haupo: "Beba, beba, tao!" Abiria akamnyooshea shilingi ishirini, mbao tunavyoiita. "Mbao ilikuwa ya asubuhi, mama, saa hii mvua imenyesha!" Nilicheka hadi nikakaa chini. Leeds inanichukua wiki tatu kumtoa mtoto nyuma ya kikaragosi chake. Hapa kazi ilikuwa kuwashusha garini wakaenda nyumbani.

Mtu wa ughaibuni angeishia hapo. Angeandika kwamba watoto wetu ni maskini wa vitu na matajiri wa roho, aweke picha, apate mapenzi ya watu. Ngojeni kidogo.

Katikati ya vurugu hiyo msichana mdogo, labda wa miaka sita, alinivuta sketi. Anataka choo. Choo kiko nyuma ya ukumbi, unapita matangi ya maji, na mtu aliye karibu akanipa ufunguo bila hata kunitazama. Nikamshika mkono tukatoka. Tulipofika kwenye matangi nikasimama. Nyuma yangu hakuna aliyekuwa akituangalia. Katika ukumbi ule hapakuwa na mtu anayejua jina langu la pili, wala ninakokaa, wala kama kweli nina dada. Mimi na mtoto wa watu, na ufunguo mkononi.

Nikarudi kumwita mama anayesimamia ukumbi. Aliniangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyekataa chai.

Niliporudi nyumbani jioni, picha tano za watoto zilikuwa tayari mtandaoni, sura zao wazi na mimi katikati nimetabasamu. Mzazi hata mmoja hakuulizwa.

Binamu yangu alipolisikia hili akaniambia nimeleta uzungu, huku mtoto ni wa jamii nzima. Nikamuuliza, jamii ipi? Jericho ya utoto wetu ndiyo ilikuwa jamii. Mtu mgeni hakupita milango mitatu bila mama mmoja kumsimamisha, ungo mkononi: "Wewe ni wa nani?" Ukimtaja shangazi, shangazi anaitwa athibitishe. Kile nilichofanyiwa Leeds miezi mitatu ni swali la yule mama, limeandikwa tu kwenye fomu. Sisi tumeliacha kwa sababu wapangaji wanabadilika kila mwezi na hakuna anayemjua jirani, lakini neno "jamii" tumebaki nalo mdomoni. Askari wa getini hapewi rungu bila cheti cha tabia njema. Cheti changu kimetakiwa na maktaba ya Leeds, na Nairobi, kilikotoka, hakuna aliyetaka kukiona.

Na msiniambie ni umaskini. MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianzia mtaa wa mabanda wa Mathare mwaka 1987, timu zinapata pointi za ligi kwa kufunga mabao na kwa kuzoa taka mtaani. Ghetto Classics, mradi wa muziki, iko mtaa wa mabanda wa Korogocho tangu 2008, vijana waliofundishwa violini wanawafundisha wadogo zao. Hao walikaa. Anayekaa miaka ameshajibu ni wa nani. Swali ni letu sisi tunaoshuka na sanduku la kreyoni kwa alasiri moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila sisi hata hiyo ya tatu hatuifikishi, na wenyeji hawaoni haja ya kutudai.

Kabla sijaondoka nilinunua daftari kubwa, nikalipiga mistari kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, simu, nani hapa mtaani anakujua, utarudi lini. Mstari wa kwanza nikaujaza mimi. Pale pa "utarudi lini" kalamu ilisita, nikaandika Desemba. Mama wa ukumbi akalipokea kwa heshima ya mgonjwa anayepokea dawa chungu.

Wiki jana kaniandikia WhatsApp. Kuna kikundi kilikuja na maputo, maboksi matatu ya rangi na mpiga picha. Akawapa daftari. Wakaona wamedharauliwa, wakapakia kila kitu garini, wakaenda. Watoto waliona maboksi yakitoka. Sasa ananiuliza mimi na daftari langu tutaleta kreyoni lini, maana Desemba ni mbali.