Flashi ya Shangazi

Yule anayeandika zile dakika kwenye kompyuta, wallahi nataka siku moja nimwone uso. Ijumaa shangazi katoka Likoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa, mpaka kwangu Kisauni kuchukua video na picha za harusi ya bintiye. Gigabaiti 14. Nikachomeka flashi, nikabonyeza kukopi. "Zimebaki dakika 3." Nikamwambia shangazi asivue hata buibui.

Mwanzo mbio, megabaiti 90 kwa sekunde. Kumbe uongo mtupu! Kompyuta yajimiminia kwenye memori yake kwanza, flashi yenyewe bado inatafuna tonge la mwanzo. Memori ikajaa, kasi ikaporomoka hadi 5. Dakika 3 zikawa 50. Zikaja picha, 3,000 ndogondogo, na kila moja lazima iandikishwe peke yake kama ndoa na mashahidi, tukashuka kwenye kilobaiti. Saa 2 zimebaki. Dakika 40. Saa 4.

"Mwanangu," shangazi akauliza, "kwani hiyo video yapita na feri?"

Mahamri yakaisha, mbaazi zikaisha. Mimi niko chini ya meza na tochi ya simu. Tundu la mbele kumbe ni jeusi, USB 2, mambo ya mwaka 2000: kwa maandishi megabiti 480 kwa sekunde (biti nane ndiyo baiti moja), kwa kweli ukipata megabaiti 35 shukuru. Matundu ya buluu, USB 3, gigabiti 5, yako nyuma kwenye vumbi na buibui (mdudu, si la shangazi). Nikahamisha, nikaanza upya, nikapanda kitini na mchanga kichwani.

Kasi: 6.

Ndipo nikaitazama flashi. Niliinunua mwenyewe barabarani, kijana alitaka mia nane, nikamshusha hadi mia tatu na nusu, nikarudi nyumbani natembea kama kadhi. Tundu la buluu lingenisaidia nini? Huwezi kumlisha mtu haraka kuliko anavyomeza.

Nikazifunga picha zote katika faili moja la zipu, hapo zikasogea kidogo. Saa kumi na mbili jioni, asilimia 100.

"Imejaa!" Shangazi kaichomoa kwa mkono wake, kaitia kifuani, huyoo kwenye tuktuk, ananiombea dua mpaka kona.

Mimi nakodolea kioo. Kimeandika: "Usichomoe, data bado inaandikwa."