Mwenye wasiwasi aseme mwenyewe

"Ana pesa, ana jina, wasiwasi wa nini tena?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi hapa Kisumu, na kila mara huwa linamhusu mtu maarufu aliyejitokeza kusema kwamba akili yake imelemewa. Liliulizwa sana Mei 2021, Naomi Osaka alipojiondoa katika mashindano ya French Open. Wakati huo alikuwa wa pili duniani katika tenisi ya wanawake. Alikataa kuhudhuria mikutano ya wanahabari, akatozwa faini ya dola 15,000, kisha akaondoka na kueleza kwamba tangu aliposhinda US Open mwaka 2018 alikuwa akiandamwa na msongo wa mawazo, na kwamba kuketi mbele ya wanahabari kulimtia wasiwasi mkubwa.

Kwa maoni yangu, wanaouliza swali hilo ndio hasa wanaohitaji kumsikia. Huku kwetu tumezoea kuamini kwamba maradhi ya akili lazima yawe na chanzo cha kuonyesha kwa kidole: umaskini, bangi, ndoa iliyovunjika, kurogwa, au chira, yaani laana ya kuvunja mila. Kama huna hata kimoja, basi huumwi, unajidekeza tu. Mtu aliyejaliwa kila kitu anaposema naye anaumwa, hesabu yetu inagoma, na ni vizuri igome.

Kuna faida nyingine ya mtu kujisemea, ambayo naiona kubwa zaidi: wengine hawapati nafasi ya kumsimulia. Kevin Love, mchezaji wa mpira wa vikapu wa Marekani, alikuwa uwanjani Novemba 2017 moyo ulipoanza kumwenda mbio. Mdomo ulikauka, pumzi zikawa hazitoshi. Akakimbilia ndani, akaishia kulala sakafuni. Alipelekwa hospitali akapimwa, vipimo vyote vikatoka safi. Machi 2018 aliandika mwenyewe kwamba lile lilikuwa shambulio la hofu, na kwamba alianza kumwona mtaalamu wa kuzungumza naye.

Sasa twende soko la Kibuye, hapa Kisumu. Namjua mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale, mjane, mwenye watoto wa shule. Asubuhi moja alikuwa akimpimia mteja, gorogoro, lile kopo la kupimia, likamponyoka, omena zikamwagika. Akajikalisha juu ya gunia ameshika kifua, vidole vimejikunja na kukakamaa hata mwenzake hakuweza kuvinyoosha. Mmoja akamlegeza leso, mwingine akampepea kwa kipande cha katoni. "Mama, ni presha hiyo! Mleteeni maji." Akapakiwa kwenye boda, katikati ya mwendeshaji na jirani wa kumshikilia, mpaka hospitali. Presha ilikuwa sawa. Moyo ulikuwa sawa. Akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu na maneno ya kwamba apumzike.

Ilipompata tena, kanisani, ndipo minong'ono ilipoanza. Kwamba mumewe alizikwa na kuna jambo la mila halikutimizwa. Kwamba ni chira. Wengine walisema anaigiza ili asamehewe deni la chama. Hakuna aliyemuuliza analalaje, wala ni mawazo gani yanamwamsha saa tisa za usiku.

Mwili wake haukudanganya. Hofu inapozidi, mwili hufanya kama umevamiwa: homoni ya adrenalini humwagika, moyo hukimbia, mtu hupumua haraka kupita kiasi. Kupumua hivyo huondoa hewa ya kabonidioksidi nyingi kutoka kwenye damu, na ndiyo sababu vidole hufa ganzi na kukakamaa. Hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika chache, halafu hushuka. Mashine ya moyo haioni kitu kwa kuwa moyo wenyewe ni mzima. Yule mama na Kevin Love walipatwa na jambo linalofanana sana, mmoja mbele ya maelfu ya mashabiki na mwingine mbele ya gunia la omena. Ila Love alilisimulia mwenyewe, na mama yangu wa Kibuye alisimuliwa na majirani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoniuma ninapomkumbuka Conjestina Achieng. Magharibi ya Kenya tulikuwa na nyota wetu, bondia wa Siaya aliyeitwa Hands of Stone, aliyewafanya Wakenya wengi, kwa mara ya kwanza, wakodoe macho kutazama ndondi za wanawake. Alipougua akili, habari zake zilisimuliwa zaidi na kamera za watu wengine. Zilimkuta nyumbani katika siku zake ngumu, na picha zikasambaa simu kwa simu. Wapo waliomsaidia kwa moyo safi, Mungu awabariki. Lakini kuna waliosema kwamba kumwonyesha hivyo kunafungua macho ya umma, na hapo nakataa kabisa. Msichana wa Yala, huko huko Siaya, aliyekua akizitazama picha zile alijifunza kwamba ukiugua akili, watu watakuja na simu. Atamwambia nani kwamba naye halali?

Mlinganishe na Simone Biles, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani. Julai 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, alijitoa katikati ya fainali ya timu na kueleza kwa kinywa chake kwamba alihitaji kuitunza akili yake. Siku chache baadaye alirudi akapata shaba. Paris 2024 alitwaa dhahabu tatu na fedha moja. Mtu anaumwa, anatibiwa, anafanya kazi yake: hiyo ndiyo picha ambayo hatukupewa ya Conjestina, na ndiyo ninayotaka watoto wetu waione.

Najua si kila mtu anaweza kusema. Hadi juzijuzi sheria yenyewe ilikuwa ikitisha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili, na ni Januari 9, 2025 tu ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu aliyetoka kwenye giza kama hilo angewezaje kufungua mdomo, huku akijua polisi wanaweza kumngoja kando ya kitanda? Nyota wa Marekani ana wakili na akiba benki. Mwalimu wa Nakuru mwenye mkopo wa sacco ana mwalimu mkuu anayemwandikia ripoti. Simlaumu akinyamaza.

Wenye nafasi ndio ninaowaomba. Watangazaji wa redio, wanamuziki wa benga, wachezaji, maaskofu: mkisema, semeni mpaka mwisho. Semeni mlitibiwa na nani. Semeni kwamba dawa, kwa wanaoandikiwa, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, maana wengi huziacha siku ya tano. Na kama mliombewa, semeni pia, kwa kuwa maombi hayamzuii mtu kwenda kliniki.

Kuna upande wa serikali pia. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, na kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizo. Kwa hiyo hili ni la Kisumu, ni la Siaya, ni la Nakuru.

Pa kuanzia ni rahisi. Yapo maswali mawili yanayotumika duniani kuchunguza wasiwasi, nayo hayahitaji mashine wala daktari bingwa. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia mwenye wasiwasi au roho juu? Na ni mara ngapi umeshindwa kuzuia mawazo yanayokusumbua? Muuguzi wa zahanati yoyote anaweza kuyauliza, kwa Kiswahili au Dholuo, kila anapofika mtu ameshika kifua na vipimo vikatoka safi. Kisha, kabla ya kumwandikia dawa ya maumivu, ajue ni kwa nani atampeleka.