Jengo, chumba na kiti kwenye tuzo moja: fomu moja haiwezi kuvipima

Tuzo nyingi za kikanda za usanifu huweka kwenye kapu moja majengo, mapambo ya ndani na bidhaa kama viti na taa. Wanaoutetea utaratibu huo wana hoja nzito. Mara nyingi msanifu aliyechora shule ndiye aliyechora madawati yake, na jopo linaloviona pamoja hugundua kwamba kimo cha dirisha kilitokana na kimo cha mtoto aliyekaa. Tena ofisi ya watu watatu ambayo haijawahi kupewa jengo kubwa huweza kuingia kwa taa moja tu, ikasikika.

Kasoro iko kwenye fomu. Wote huombwa vitu vilevile: picha kumi, maelezo mafupi na ada. Jopo likipokea maombi 180 na kuyapa dakika 3 kila moja, ni saa 9 mfululizo. Kwa kasi hiyo hakuna anayesoma mchoro. Macho hubaki kwenye picha, nazo hupigwa wiki ileile mafundi wanapoondoka: mvua haijanyesha, watu wameondolewa, pengine hata samani zimeazimwa.

Anayeumia zaidi ni jengo. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, kazi ya msanifu Diébédo Francis Kéré, ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004. Sifa yake kubwa haimo kwenye picha ya mbele. Bati limeinuliwa kwa fremu za nondo juu ya dari ya matofali ya udongo; hewa ya moto hupenya kwenye matundu ya dari na kutokea kwenye uwazi ule, huku hewa baridi ikiingia madirishani. Ili kulitambua hilo, jaji anahitaji mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa toka paa hadi sakafu, au akae darasani saa nane mchana. Ndiyo maana tuzo hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kutolewa kila baada ya miaka 3, hutuma wakaguzi kwenye miradi iliyoingia orodha fupi.

Lakini ukaguzi una gharama. Tuzo ya Aga Khan, yenye zawadi ya dola 1,000,000, haitegemei ada za washiriki; nyingine nyingi huendeshwa kwa ada hizo. Zikipandisha ada kulipia nauli, ofisi kubwa italeta miradi minane na ndogo itajitoa. Kungoja kazi itumike kwanza ndipo ikaguliwe nako kunaumiza: duka hubomolewa na kupangwa upya baada ya miaka michache, na msanifu kijana anahitaji jina sasa ili apate kazi ya pili.

Naziheshimu hoja hizo, ila naona zinaitia chumvi gharama. Mchujo wa kwanza ufanyike kwa michoro na picha, kisha itembelewe miradi 12 tu. Bidhaa haihitaji nauli ya jaji, iletwe yenyewe. Majaji wakikalie kiti, wakigeuze, wajaribu kukifungua: mguu uliobanwa kwa skrubu hubadilishwa, uliogandishwa kwa gundi ukivunjika mara nyingi huondoka na kiti kizima. Waulize pia vimetengenezwa vingapi, maana kimoja cha maonyesho hakijapitia taabu ya kutengeneza 500 vinavyofanana.

Chumba kinataka nusu siku ya mkaguzi mmoja. Apige makofi asikilize mwangwi, apapase kingo za meza ambako utepe huanza kubanduka kwa unyevu, arudi usiku taa zikiwaka. Jengo lipite kwanza msimu mmoja kamili wa mvua, kisha patazamwe mahali paa linapokutana na ukuta. Hapo ndipo madoa ya maji hujitokeza mapema.

Basi usajili ubaki mmoja, majopo yawe matatu, na yakutane siku ya mwisho kwa kazi zinazogusana, kama ile shule na madawati yake. Banda la maonyesho la wiki mbili haliwezi kungoja mvua. Hilo litumiwe mkaguzi likiwa bado limesimama, na mwombaji atoe taarifa kabla ya ufunguzi.