Shemeji Kahamia Ohio, Jembe Nimepewa Mimi

Naomba niseme mapema, shemeji yangu sina ugomvi naye. Kijana mzuri, hanywi, anasali, na mizigo anaipanga kama mtu aliyezaliwa kwenye foleni ya malori ya Kurasini. Kosa lake ni moja tu: alioa nesi.

Nesi kapata kazi Columbus, Ohio. Sisi tuko Dallas, Texas. Ukitaka kujua umbali wake, chukua Dar mpaka Bukoba, halafu usisimame, endelea. Shemeji akanijia jioni moja, kakaa kwenye kochi upande wa pembeni kabisa, kama mtu aliyekuja kukopa. "Shem, kazi yangu si simu na kompyuta? Ohio simu zipo, kompyuta zipo. Nitaendelea kukufanyia kazi kulekule."

Nikaona ana hoja. Nina malori matatu, madereva watatu, na mimi ni wa nne pale mmoja akiumwa mgongo. Shemeji ndiye anayetafuta mizigo, anayegombana na madalali kwenye simu, na anayempigia dereva usiku kumuuliza kwa nini lori limelala Arkansas. Ukimpoteza mtu kama huyo umepoteza kampuni. Nikamwambia nenda, Mungu awabariki, nikamchangia na dola 200 za mafuta ya gari la kuhamishia vitu. Kumbe ile ilikuwa posa, mahari inakuja.

Wiki iliyofuata namweleza mhasibu wangu, kwa kupitia tu, kama mtu anayetoa habari za familia. Akanyamaza. Mhasibu anayekutoza kwa saa akinyamaza, kimya chake nacho unakilipia. Halafu akaniuliza, "Ohio umeshajisajili?"

"Nijisajili nini? Mimi niko Texas."

"Mfanyakazi wako yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuzeeka.

Madereva wangu hukanyaga majimbo hata kumi kwa wiki moja. Wanakula Oklahoma, wanaoga Missouri, wanakemewa na polisi Tennessee. Na sheria ya shirikisho imesema kabisa kwamba dereva wa namna hiyo kodi ya mapato ya jimbo anadaiwa kule anakoishi tu, basi. Kwa hiyo mtu anayezunguka nusu ya Marekani na tani 20 za mizigo mgongoni hanisumbui. Anayenisumbua ni yule aliyekaa kwenye kiti, kavaa kandambili, hajatoka hata kwenda dukani.

Na Texas imetudekeza, lazima nikiri. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Ukilipa mshahara unakata ya shirikisho, asilimia 7.65 ya mafao ya uzeeni na matibabu ya wazee, na wewe mwajiri unaweka nyingine 7.65 kutoka mfukoni mwako, ya jimbo inabaki bima ya ukosefu wa ajira, kwisha. Hata bima ya mtu kuumia kazini mwajiri binafsi wa Texas ana hiari nayo. Nilikuwa nawacheka jamaa wa majimbo mengine kwenye misiba. Kumbe kicheko kilikuwa kinawekwa akiba.

Kule Bongo nilikotoka, ukiwa na ofisi Dar ukamwajiri mtu Mwanza, kodi ya mshahara unapeleka TRA ileile, mafao NSSF ileile, mtu akivunjika mguu ni WCF ileile. Hakuna anayekuambia Mwanza wana yao. Labda uvuke maji kwenda Unguja, hapo NSSF inageuka ZSSF. Sasa mwenzenu niko kwenye nchi yenye Unguja hamsini.

Mhasibu akaniambia tuanze na Katibu wa Jimbo wa Ohio, kule wanakoandikisha makampuni. Nikafungua fomu. Dola 99. Nikasoma kichwa cha fomu mara mbili nikavua miwani. Fomu ni ya kusajili kampuni ya KIGENI.

Nikampigia. "Dada, umenitumia fomu ya watu wa nje. Mimi raia. Nimeapa mwaka juzi, nimeinua mkono, nimepewa na kabendera, kako hapa juu ya friji."

Akasema si mimi, ni kampuni. Kampuni iliyozaliwa Texas, ikifika Ohio inaitwa ya kigeni. Ndiyo sheria ya majimbo yote.

Mnaelewa uchungu wangu? Bongo hawataki uraia pacha, kwa hiyo siku nilipoapa huku, kule nikawa mgeni. Nikasema poa, walau huku nimekuwa mwenyeji. Sijamaliza hata miaka mitatu ya uenyeji, kampuni yangu inaambiwa mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ohio hawana siku mbili. Umefika, jembe hili hapa, na jembe lenyewe lina namba ya usajili.

Sasa kampuni ya kigeni lazima iwe na mtu wa kupokea barua zake ndani ya Ohio. Mtu mwenye anwani hukohuko, ili siku ukishtakiwa wajue wa kumkabidhi karatasi. Kuna makampuni hufanya kazi hiyo kwa malipo ya mwaka. Nikajiuliza, kwa nini nilipie mtu wa kupokea barua Ohio, na mtu Ohio ninaye?

Nikamwandika shemeji.

Nilijiona mjanja siku nne nzima. Siku ya tano simu ya WhatsApp, saa moja asubuhi. "Shem, imekuja bahasha kutoka serikalini. Niifungue?" Fungua. "Imeandikwa..." Shemeji ana tabia moja ambayo sikuwahi kuijua. Husoma barua ya serikali kama anasoma khutba. Anaanza na anwani. Anasoma tarehe. Anasoma namba ya simu ya ofisi, tarakimu moja moja, halafu anapumzika. Mpaka afike kwenye neno "tafadhali" mimi nimeshaingia kwenye barabara kuu, jasho linanitoka, sijui nadaiwa au nakaribishwa. Ilikuwa ya kukaribishwa.

Bahasha ya nne akaniambia, kwa adabu kabisa, "Shem, naona kama sasa nina kazi mbili."

Tuendelee. Namba ya Katibu wa Jimbo siyo namba ya kodi ya mishahara. Akaunti ya kukata kodi ya mishahara ya Ohio ni idara ya kodi. Bima ya ukosefu wa ajira ni idara nyingine, na namba nyingine. Hiyo unailipa mwenyewe mwajiri, humkati mfanyakazi: kampuni mpya kwao kwa kawaida huanza na asilimia 2.7 ya dola 9,000 za kwanza za mshahara wa mwaka. Piga hesabu, ni dola 243. Sikatai dola 243. Ninachokataa ni safari ya kuifikia.

Maana nilipojaza, fomu ikaniuliza: mshahara wa kwanza ndani ya Ohio umelipa tarehe ngapi? Sijalipa. Nimengoja nijisajili kwanza, mtu mstaarabu. Nikarudi kwenye programu ya mishahara nilipe ndipo nipate tarehe. Programu ikaniambia weka kwanza namba ya akaunti ya Ohio. Nikarudi kwenye fomu. Tarehe? Nikarudi kwenye programu. Namba? Nikazunguka hivyo tangu magharibi mpaka mama watoto akatoka chumbani na kanga kichwani kuuliza kama kuna msiba.

Kesho yake mhasibu kaniambia pale kwenye programu kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba namba umeshaiomba na unaisubiri. Kilikuwepo. Nimekaa nacho uso kwa uso saa tano.

Ikaja bima ya kuumia kazini. Nikasema hii rahisi, nina jamaa yangu hapa Dallas anauza bima za kila aina, hata mbuzi wa Idi anaweza kukukatia. Nikampigia, nikamwambia nina mtu Ohio. Akacheka. Ohio ni kati ya majimbo manne, pamoja na North Dakota, Washington na Wyoming, ambako kampuni binafsi haikuuzii bima hiyo, unanunua mfuko wa jimbo lenyewe. Haya, nikaenda kwenye mfuko wa jimbo. Eleza kazi ya mfanyakazi, eleza mazingira ya kazi. Nikampigia shemeji aniambie mazingira yake ya kazi. Akafikiri. "Kuna kapeti," akasema.

Kila ofisi namba yake. Nimeziandika kwenye karatasi moja, nimebandika kwenye friji, chini ya kabendera. Jumamosi nakuta mama watoto kaendeleza karatasi hiyohiyo. Kodi ya mishahara, namba. Ukosefu wa ajira, namba. Kuumia kazini, namba. Sembe mifuko miwili. Mafuta ya kula. Dagaa kama wapo. Nikaingiza mishahara siku hiyo kwa haraka, nikaweka namba ya kuumia kazini kwenye kisanduku cha kodi. Bora ningeweka dagaa.

Lakini hayo yote tisa. Kumi ni wilaya ya shule.

Nilikuwa nimeshamaliza, naapa. Nimeshajimiminia chai. Mhasibu ananiambia bado kile kikaratasi cha mfanyakazi cha Ohio, ajaze jina, anwani, wategemezi, na wilaya ya shule anayoishi. Nikamwambia shemeji haendi shule. Akasema Ohio kuna wilaya za shule 200 na ushee ambazo zina kodi yake ya mapato, na mwajiri ndiye anayekata kwenye mshahara na kupeleka. Kuna ukurasa wa serikali, unaandika anwani unaambiwa wilaya ya shule ni ipi.

Shemeji kapanga nyumba ndani ya jiji la Columbus. Anwani Columbus, takataka inazolewa na Columbus. Nikaandika anwani. Ukurasa ukajibu: Pickerington. Kumbe kuna vipande vya jiji la Columbus vilivyo kwenye wilaya za shule za majirani. Mstari unapita huko mitaani, hauonekani, haujachorwa hata na chokaa, na shemeji kati ya nyumba zote za Ohio kapata ya upande ule. Pickerington asilimia moja.

Sasa mwambie mtu.

"Shem, kuna kodi ya shule itakatwa kwenye mshahara wako."

"Shule gani?"

"Za Pickerington."

"Mimi niko Columbus."

"Columbus nayo inakata. Asilimia mbili na nusu, hiyo ya jiji."

Kimya. "Shem, mimi sina mtoto."

"Najua."

"Mke wangu hana hata miezi miwili kazini."

"Najua, shemeji."

"Sasa namsomesha nani?"

Nikakosa jibu. Ni dola nane hivi kwa wiki, na si zangu, ni zake. Lakini nani anazikata? Mimi. Nani anaonekana mbaya? Mimi. Mama mkwe kanipigia kutoka Tanga kuniuliza kwa upole sana, baba, nasikia mtoto unamkata hela za ada. Nikamweleza mambo ya wilaya za Ohio dakika ishirini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mwanangu, mrudishie."

Ile ya jiji nayo ina mambo yake. Ohio miji na vijiji vyenye kodi ya mapato ni zaidi ya 600, na kodi ya mji inafuata pale mtu anapofanyia kazi. Akikaa kwake Columbus, Columbus. Akichukua kompyuta akaenda kufanyia kazi mji mwingine, kuna sheria ya siku 20: mji ule haukudai kukata kodi yake mpaka avushe siku 20 ndani ya mwaka. Mtu mwenye akili zake angesikia hivyo akatulia. Mimi zilikuwa zimeshaniisha. Nikamwambia shemeji kila siku asubuhi anitumie picha ya dirisha.

Sasa hivi nina picha 61 za dirisha. Theluji, kindi, gari la jirani. Mama watoto anazifuatilia kuliko tamthilia, anamjua yule kindi kwa mkia.

Juzi Ijumaa picha haikuja. Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Nikapiga, nasikia upepo na taarabu.

"Uko wapi?"

"Njiani shem, tunakwenda Cincinnati. Harusi ya yule rafiki yangu, nilikuaga."

"Kompyuta umebeba?"

"Nimebeba. Kuna mzigo wa Memphis nitaumalizia nikifika, nusu saa tu."

"Shemeji, nisikilize. Umesimamisha gari? Simamisha. Cincinnati ina kodi yake."

"Si umesema siku 20? Hii ni siku moja."

"Najua nilichosema. Nenda harusini, kula pilau, cheza mpaka viatu vipasuke. Hiyo laptopu ifungie kwenye buti. Mzigo wa Memphis naupanga mwenyewe."

"Na dalali akinipigia?"

"Usipokee. Mwambie uko kwenye ndoa."

"Nikimwambia si nitakuwa nimeshapokea?"

Nikakata simu nikampigia mhasibu.