Jarida la Kitabibu la Taifa Linapotafuta Wasomaji wa Ng'ambo

Mwaka 1949 daktari John Cade alieleza, katika jarida la kitaifa la madaktari wa Australia, jinsi chumvi za lithiamu zilivyowatuliza wagonjwa 10 wenye mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi. Mogens Schou na wenzake wa Denmark waliipima tiba hiyo kwa majaribio waliyoyachapisha mwaka 1954, ilhali Marekani ilisubiri hadi mwaka 1970 kuiidhinisha. Si haki kulibebesha jarida lawama yote ya ucheleweshaji huo, kwani mwaka huohuo wa 1949 kulitokea vifo nchini Marekani kwa watu waliotumia lithiamu badala ya chumvi ya mezani, na hofu ikatanda. Hata hivyo, kisa hiki kinawapa nguvu wanaotaka majarida ya kitaifa yavuke mipaka: mgonjwa aliye mbali hana kosa lolote ikiwa daktari wake hakupata kusoma habari za tiba inayomfaa.

Jarida likiingizwa katika MEDLINE, hifadhidata ya kimataifa ya makala za kitabibu, makala zake huonekana kwa yeyote anayetafuta kupitia tovuti ya PubMed, nalo hupata waandishi zaidi na wahakiki wapya, yaani wataalamu wanaozipima makala kabla hazijachapishwa. Faida ya wahakiki hao haisemwi vya kutosha. Mahali ambapo wataalamu wa fani moja ni wachache na wote wanafahamiana, uhakiki wa siri huwa siri kwa jina tu, na mhakiki wa mbali humwondolea mhariri mzigo wa kumkatalia mwalimu wake.

Gharama ya kuvuka mipaka hivyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Chukua mfano wa makala kuhusu watu walioumwa na nyoka, iliyoandikwa na daktari wa hospitali ya vijijini isiyo na maabara ya kutosha. Ndani yake ameeleza kipimo cha dakika 20: damu kidogo ya mgonjwa hutiwa katika chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, huachwa bila kutikiswa, kisha chupa huinamishwa mara moja tu; damu ikiwa bado majimaji, kuna dalili kwamba sumu imeharibu uwezo wake wa kuganda. Ameongeza kwamba chombo cha plastiki hakifai. Mhakiki wa kimataifa anaona aya hiyo haina jipya, naye hakosei. Mhariri anayewaza makala zake zitanukuliwa mara ngapi anaifuta. Aliyeihitaji ni daktari wa zamu ya usiku katika hospitali kama ileile, ambaye huenda hataandika makala wala kumnukuu mtu maishani mwake, na kwa hiyo hahesabiwi popote katika kigezo cha athari, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hunukuliwa. Jarida likiongeza ada ya kuchapisha, hata daktari wa kijijini aliyeiandika atatoweka.

Wapo waliojaribu njia tofauti. Croatian Medical Journal lilianza mwaka 1992, wakati wa vita, likiandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo, na wahariri wake wakachagua kuwafundisha waandishi namna ya kuwasilisha utafiti badala ya kuwarudishia miswada tu. Deutsches Ärzteblatt liliendelea kuzungumza na madaktari wa Ujerumani kwa Kijerumani, na mwaka 2008 likaanzisha toleo la Kiingereza la makala zake za kisayansi, linalosomwa bure intanetini. Njia hii ya pili naiona salama zaidi kwa msomaji wa nyumbani, ingawa si rahisi: tafsiri ya kitabibu inataka watu wanaolipwa na wanaojua dozi, maana nukta moja ya desimali ikikosewa mgonjwa anaweza kudhurika.

Jarida lenye wahariri wawili wa kujitolea haliwezi kutafsiri kila kitu. Linaweza kutoa ikisiri ya kila makala kwa lugha mbili, kumsamehe mwandishi wa kijijini ada yote, na kuihamishia aya ya chupa ya kioo kwenye kisanduku cha maelekezo ya kazi, kisanduku kitakachochapishwa hata pale mhakiki wa mbali asipoona umuhimu wake.